Nyongeza ya Mtukufu

Kling. Kimya kidogo. Kling tena, halafu mlio wa sarafu inayozunguka juu ya saruji, ikichoka polepole mpaka ikalala.

Alfajiri ilikuwa bado. Nilikuwa macho kitandani, nikisikiliza kupitia pazia. Nikamwambia mjukuu wangu, "Sikudhani, utatoboa sakafu."

"Samahani, Bibi. Nimekuamsha?"

"Wazee hatuamshwi. Tunajilaza tu ili vijana mlale."

Akacheka, akawasha taa, akaja na sarafu yake kiganjani. Ilikuwa ile ya zamani, yenye ndege upande mmoja na nambari upande wa pili. Mjukuu wangu alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, na siku hiyo alikuwa refa wa taifa zima, kwa hiyo alikuwa akijifunza kuirusha juu kabisa, ianguke bila mkono wa mtu.

"Chagua, Bibi. Ndege au nambari?"

"Ndege."

Kling. Ikaangukia nambari.

"Umeshindwa, Bibi."

"Basi nimeshindwa. Uji utakunywa wa chumvi au wa sukari?"

"Unaona? Umeshindwa na hujakasirika."

"Nikasirike nini? Si nimeiona ikianguka?"

Akaitia sarafu kwenye soksi yake kama mtu anayeficha dawa. Nalisimulia jambo hili kwa mpangilio kwa sababu magazeti yetu yameliandika vingine, na sipendi mtu adhani kwamba serikali yetu ilifanya lolote bila utaratibu. Kila kitu kilifuata utaratibu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

*

Zamani nchi yetu haikuujua mchezo huu. Ni wa Wamarekani, na wao sina ugomvi nao. Wanaume wa pande mbili huvaa helmeti na mabega makubwa kama watu waliobeba magodoro, wakaugombea mpira wenye umbo la papai. Anayelipata papai hukimbia nalo mpaka mstari wa mwisho wa wapinzani wake akalitua. Sisi tuliuita mchezo wa papai, na kule kufika mwisho tukakuita kutua, kama mtu anavyotua mzigo.

Ulivyofika kwetu ni hivi. Mtukufu, kiongozi wetu, alikuwa hasikii. Madaktari wetu walimpima wakasema masikio yake ni mazima kabisa, lakini madaktari wetu hawana vifaa, basi akapelekwa Marekani. Akiwa kitandani huko akaona kwenye televisheni mchezo wa zamani ukirudiwa. Muda ulikuwa umekwisha na pande zote zimelingana. Refa akarusha sarafu. Walioipata wakapewa papai, wakaenda nalo, wakalitua. Wale wengine wakavua helmeti wakaenda zao.

Mtukufu akamwita daktari. Mpishi wake alikuwepo, ndiye aliyetusimulia.

"Hawa wengine zamu yao lini?"

"Hawana zamu, Mzee. Mchezo umekwisha."

"Hawakuligusa papai hata kidogo?"

"Hawakuligusa."

"Na hakuna aliyekamatwa?"

"Ndiyo sheria yenyewe, Mzee. Hiyo ni nyongeza."

Mpishi anasema Mtukufu alilia. Siku ya pili alitoka hospitalini akisema amepona, na alipofika uwanja wa ndege alisimama mbele yetu akapaza sauti: "Ndugu wananchi, nimesikia!"

Tulifurahi sana. Tulidhani ametusikia sisi.

"Nimesikia," akaendelea, "kwamba zipo nchi ambazo muda ukiisha, hauishi!"

*

Ikaundwa Wizara ya Nyongeza. Akapewa Mheshimiwa Makofi, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Shukrani. Mchezo wenyewe ulichelewa bandarini, helmeti ziliharibiwa na maji ya chumvi, lakini nyongeza ilianza mara moja. Sheria yake ilikuwa fupi, hata watoto waliikariri shuleni: pande mbili zikilingana kwa jambo lolote, itarushwa sarafu; atakayeipata ataanza; akitua, basi.

Mahakamani wakarusha sarafu. Aliyeipata alisema, na akisema vizuri hakimu alifunga kesi, yule wa pili akaenda gerezani na maneno yake mdomoni. Hakimu mmoja alisifiwa redioni kwa kumaliza kesi nyingi bila kuusikia upande wa pili hata mara moja. Aliitwa mwanaspoti wa mwaka.

Watu walicheka, nami nilicheka nao. Nilicheka mpaka siku ya Chiku.

Chiku ni jirani yangu, mke wa fundi cherehani. Uchungu ulimshika mchana, Sikudhani akamshika mkono wakaenda hospitali. Walimkuta mama mwingine naye yuko tayari, na kitanda ni kimoja. Muuguzi hakuwatazama usoni, akatoa sarafu mfukoni mwa sare yake. Wamama wawili wenye uchungu wakaambiwa wachague. Chiku hakuweza hata kutamka. Yule mwenzake akaipata, akapanda kitandani, akajifungua salama, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Chiku alijifungulia ukumbini, karibu na ndoo za kudekia. Mama mfagiaji, ambaye hadi leo sijui jina lake, alivua khanga yake ya juu akamtandikia sakafuni, akabaki na blauzi mbele ya wanaume wanaopita, akampangusa jasho kwa mkono. Mtoto hakulia. Alizikwa ndani ya khanga ile, na yule mama hakuidai.

Taarifa ya hospitali ilisema: "Mgonjwa wa pili alimaliza mchezo bila kugusa kitanda. Hakukuwa na rafu."

Hakukuwa na rafu. Nimeirudia sentensi hiyo nikipepeta karanga, nikifua, nikisujudu, Mungu anisamehe.

Tangu siku hiyo Sikudhani akaanza kukisoma kitabu cha sheria za papai, kitabu kinene ambacho wizara ilikigawa shuleni kwa kuwa hakuna aliyekitaka.

*

Kisha ukaja uchaguzi. Mtukufu alikuwa amemaliza vipindi vyake vyote na vile alivyoazima. Upande wa pili kiligombea Chama cha Wengine. Hilo ndilo jina walilosajiliwa nalo. Walipeleka jina jingine, msajili akasema limejaa.

Watu tulipanga foleni, tukapiga kura, tukaenda kulala. Kesho yake Mwenyekiti wa Tume akatokea na tai mpya. "Matokeo ni sare," akasema. "Sare tupu. Kura za Mtukufu na kura za Wengine zimelingana hadi ya mwisho, na hata zilizoharibika zimeharibika kwa usawa. Kwa mujibu wa sheria tunakwenda kwenye nyongeza."

Mwandishi mmoja wa habari aliuliza kama mchezo wa papai utachezwa kwanza, kabla ya nyongeza yake.

"Mchezo hatuna muda nao," akajibu Mwenyekiti.

Refa alihitajika. Wafadhili walikuwa wamesema wanapenda kuona wanawake, basi wizara ikatafuta mwanamke anayekijua kitabu. Hivyo wakampata mjukuu wangu. Nadhani walitafuta mwenye filimbi tu, wakapata mwenye kusoma.

*

Siku moja kabla ya mchezo, Mheshimiwa Makofi alifika nyumbani kwetu kumpongeza. Mimi huuza karanga za kukaanga mlangoni, napima kwa kikombe cha bati. Magari yalijaza uchochoro hadi kuku wakakosa njia. Wapambe walikuja na kiti chake, lakini mlango wetu ni mwembamba, kiti kikagoma, akakaa kwenye kigoda changu magoti yakiwa karibu na kidevu.

"Bibi, karanga zako zina sifa mpaka ikulu."

"Karibu, Mheshimiwa. Zionje."

Nikapima kikombe, nikamimina kwenye karatasi. Akaitazama ile karatasi.

"Na nyongeza?"

Mnajua desturi ya sokoni. Ukishampimia mtu kipimo chake, unamtilia kidogo juu. Hajakulazimisha, na kipimo kimeshatimia. Ni mkono wako tu umefurahi kumwona. Nikaunyoosha mkono wangu kwenye debe. Nikakuta mkono wa Waziri umeshafika. Alichota gao, kiganja kizima, akatia mfukoni. Akachota kwa mkono wa pili.

"Mheshimiwa," nikasema, "nyongeza natia mimi."

Akacheka, meno yamejaa karanga. "Bibi, kiongozi hasubiri kutiwa. Anajiongeza mwenyewe!" Wapambe wakapiga makofi. Akamgeukia Sikudhani. "Na wewe, binti yangu, kesho ujiongeze."

Sijui kwenu, lakini kwetu mtu akikuambia ujiongeze anataka uelewe jambo ambalo yeye anaona haya kulitamka.

Sikudhani akasema, "Mheshimiwa, nimekisoma kitabu. Huko ilikotoka, sheria hii ilibadilishwa. Watu walilalamika kwamba si haki upande mmoja urudi nyumbani bila kuligusa papai. Sasa kila upande unapata zamu yake kwanza."

Wapambe wakatazama viatu vyao. Waziri akameza.

"Binti yangu, hao walibadilisha kwa sababu ni nchi kubwa, wana muda wa kuchezea. Sisi tuliagiza ile ya zamani, iliyokwisha jaribiwa. Hiyo mpya haijapita forodhani. Unataka tucheze na sheria ya magendo?"

"Nataka kila mtu apate zamu, Mheshimiwa."

"Jiongeze," akasema tena, safari hii bila kucheka. Akainuka, akatoka. Kikombe changu cha bati akaondoka nacho.

*

Uwanja ulijaa. Walitupanga sisi jamaa za refa karibu na mstari, kwenye jua. Kijana mmoja nisiyemjua alikaa upande wangu wa jua mchana kutwa ili kivuli chake kinifikie, na hakusema kwamba anafanya hivyo.

Timu ya Taifa walikuwa askari, wana helmeti zinazong'aa. Timu ya Wengine helmeti zao zilikuwa bado zinakaguliwa bandarini, basi walivaa sufuria walizoazima kwa wake zao, zimefungwa kidevuni kwa vitambaa. Nahodha wao, Lukindo, ni muuza magodoro. Alikuwa amekatakata bidhaa zake kumtengenezea kila mwenzake mabega, na sufuria yake mwenyewe ilikuwa na ukoko.

"Lukindo!" mtu akapiga kelele. "Ubwabwa umeiva?"

"Bado!" akajibu. "Tumekuja kupalia moto!"

Uwanja mzima ukacheka, hata askari wawili watatu wakacheka ndani ya helmeti zao.

Sikudhani alipoinama kuitoa sarafu yake, ofisa akamzuia. Benki Kuu ilikuwa imetengeneza sarafu maalumu. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha Mtukufu. Upande wa pili ilikuwa na kisogo chake.

"Kichwa au kisogo?" Sikudhani akamuuliza Lukindo. Niliijua sauti ile. Ni sauti yake ya kuzuia kilio.

"Kisogo."

Sarafu ikapaa, ikang'aa, ikaanguka. Kisogo. Wengine wakaruka juu, sufuria zikagongana. Ndipo sauti ya Mheshimiwa Makofi ikatoka kwenye vipaza sauti: "Ndugu wananchi, kisogo hicho ni cha nani? Ni cha Mtukufu! Mtukufu ameshinda sarafu!"

Papai likapewa Timu ya Taifa. Wakajipanga. Kisha wakafunguka katikati kama pazia, na nyuma yao akatokea Mtukufu mwenyewe, amevaa suti na helmeti ya dhahabu, papai kifuani, mshika mwavuli nyuma yake. Kabla ya hapo kilikuwa kimesomwa kifungu kinachosema kumgusa Mtukufu ni uhaini. Wengine wakaweka mikono nyuma.

Akatembea. Katikati ya uwanja alichoka, akaletewa kiti na chai. Akanywa. Akainuka tena. Hatua chache kabla ya mstari papai likamponyoka, likaviringika hadi miguuni mwa Lukindo.

Angeweza kukimbia nalo, na hakukuwa na wa kumkamata. Lakini Lukindo alimwona mzee amepinda mgongo anatafuta kitu chini, na mwili wake ukafanya alichofundishwa na mama yake. Akaliokota, akaliinua kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee. Papai lako hili."

"Marahaba," akasema Mtukufu, akalichukua, akavuka mstari, akalitua. Mizinga ikapigwa.

Mimi nilikuwa natazama mdomo wa mjukuu wangu. Kipenga kilikuwa kimening'inia shingoni. Hakukigusa. Alitembea mpaka kwa Mtukufu, akainama kwa adabu, akalichukua papai pale lilipolala, akampelekea Lukindo.

"Zamu yenu," akasema.

Halafu nyuma yangu sauti moja ikasema, "Zamu." Ikaja ya pili. Kisha watu wote, wakipiga miguu: "Zamu! Zamu! Zamu!"

Mtukufu akaweka mkono sikioni. "Wanasemaje?"

"Wanasema dumu, Mtukufu," akajibu Waziri.

Mtukufu akatupungia mkono, machozi yanamtoka. "Nami nawapenda!" akasema.

Waziri akarudi kwenye kipaza sauti. "Tusipotoshwe, ndugu wananchi! Wengine zamu wameshapata! Lukindo ameligusa papai, sote tumeona! Na zamu yake ameitumia kumpa Mtukufu. Huo ni uzalendo, na ni ridhaa ya chama chake!"

Lukindo aliivua sufuria yake. Akaitazama mikono yake kama mikono ya mwizi. Kati ya yote waliyotufanyia siku ile, hilo ndilo nisilolisamehe. Mtu alimwokotea mzee kitu chake kilichoanguka, wakauchukua wema huo wakamfungia nao mdomo.

"Kumwokotea mtu si zamu," akasema Sikudhani. Hakuwa na kipaza sauti lakini tulimsikia. "Mchezo haujaisha. Sijapuliza."

Na kweli, hata sheria ile ya zamani waliyoiagiza ilisema mchezo unaisha kwa kipenga cha refa aliyeuanzisha. Hawakuwa wamefika ukurasa huo. Wakaiita bendi ya polisi, ikapuliza matarumbeta yote kwa pamoja. Mwanasheria mkuu akatikisa kichwa. Wakamwita trafiki na kipenga chake, akapuliza kwa nguvu zote. Huko nje magari yakasimama.

Wakamkamata. Shtaka lilikuwa kushikilia muda wa taifa. Walipokuwa wakimsukuma, kiatu chake kimoja kilimtoka mguuni, na askari mkubwa mwenye bunduki alichuchumaa, akamvisha, akamfunga kamba vizuri, kisha akampandisha garini. Nilimwombea askari yule. Waliobaki siku hiyo sikuwaombea.

*

Tangu hapo tuko kwenye nyongeza. Redio inafungua kila asubuhi kwa kusema mchezo unaendelea. Kalenda mpya hazikuchapishwa. Watoto hawakupanda darasa, kwa sababu mwaka haujaisha. Mtukufu anaendelea kutawala, ndiyo, lakini hawezi kuapishwa, maana hajashinda. Jukwaa limejengwa, mapazia yanapauka juani, na ng'ombe wa sherehe amezeeka kambani.

Mheshimiwa Makofi akaja tena. Safari hii alikuja na gari moja, akasimama mlangoni kama mkwe. Mkononi alikuwa na kikombe changu cha bati, na ndani yake kipenga cha Sikudhani.

"Bibi, wewe ni mama yetu. Tumemletea majaji, hataki. Tumemletea mashehe na mapadri, hataki. Wewe atakusikia. Apulize mara moja tu. Kadogo tu, kama anayepoza uji. Usiku huo huo atalala hapa." Akaonyesha pazia.

Nililitazama pazia. Nyuma yake kitanda kimetandikwa na hakuna anayelala. Asubuhi naamka na hakuna kitu kinachoanguka sakafuni.

"Na Wengine?" nikauliza.

"Bibi, na wewe jiongeze."

Nikakipokea kikombe. Bibi gani asingekipokea?

*

Nilikaanga karanga usiku, nikajaza kikombe, kipenga nikakiweka juu. Gerezani mlango wa wanawake una askari jina lake Afande Mkunde, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Alizimimina karanga zangu kwenye trei, akakiona kipenga, akanitazama.

"Hiki kimeruhusiwa, Mama?"

"Kimetumwa."

Akazikusanya karanga zote, akazirudisha kikombeni moja moja, hata zile zilizodondoka pembeni. Hakutia hata moja mdomoni. Katika nchi hii, mtu mwenye njaa kashika karanga za mwenzake na hakujiongeza! Nusura nimkumbatie.

Wakamleta Sikudhani. Wamemnyoa. Shingo imekuwa nyembamba kama ya msichana wa shule.

"Bibi, umekula?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza wewe."

"Nimekula. Mguu wako?"

"Upo. Unanifuata kila ninapokwenda."

Akacheka, kisha akakiona kipenga. Kicheko kikaondoka taratibu.

"Amekuja kwako."

"Amekuja. Anasema kadogo tu, kama unayepoza uji. Anasema leo hii utalala nyumbani."

"Wewe unasemaje, Bibi?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Puliza, mwanangu, twende nyumbani. Nilimlea mimi mama yake alipofariki. Nilimfunga kamba za viatu. Nchi ina wenyewe wengi, mjukuu nina mmoja. Lakini yeye hajawahi kuniuliza jambo nikamdanganya, na alikuwa ananisubiri kwa macho yale yale ya siku ya sarafu. Basi nikafanya kama wafanyavyo wazee, nikampa habari za jirani kwanza.

"Chiku ana mimba," nikasema.

Uso wake ukafunguka. "Kweli? Ya lini?"

"Inaonekana sasa. Anatembea ameshika kiuno."

"Atajifungulia wapi?"

"Pale pale."

"Na kitanda?"

"Ni kile kile kimoja. Sarafu sasa ni ile mpya ya Benki Kuu."

Alikichukua kipenga, akakitikisa karibu na sikio, ile punje ndani ikalia kidogo. Akaufungua mkono wangu, akakiweka kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake, kimoja baada ya kingine, kama mimi nilivyokuwa nikimfungia vyake nikimtuma dukani.

"Mwambie sijaona zamu ya Wengine," akasema.

"Nitamwambia."

"Atakasirika."

"Akasirike. Mimi nimekasirika tangu siku ya khanga ile, na bado napika, na bado nafua. Atazoea."

Akazivuta karanga. Tukala. Nilikuwa na nyingine kwenye pindo la khanga yangu, nikamtilia juu ya kikombe mpaka zikamwagika mezani, na akacheka kwa mara ya pili.

Kengele ikalia. Afande Mkunde akaja, akasimama juu yetu. "Muda umekwisha, Mama."

Nikainuka. Magoti yangu yakachelewa. Afande akayatazama magoti yangu, akamtazama Sikudhani na shingo yake, akatazama mlangoni alikokuwa mkubwa wake.

"Kaa, Mama," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Nyongeza hii natia mimi."

Akatugeuzia mgongo, akasimama katikati yetu na mlango, mpana kadiri alivyoweza.

Nikakaa. Sikudhani alikuwa amenishika mkono wa gauni, pale kwenye mshono, kama alivyokuwa akifanya sokoni asipotee.

"Bibi," akasema, "utakuja tena? Njoo tena. Kipenga kiache nyumbani, njoo na karanga tu."